Bolingi Kampala: pini ziko huru, muziki ndio umezidi

Swali langu la kwanza kwenye ukumbi wa bolingi si bei. Nauliza kama pini, zile chupa za mbao zinazoangushwa kwa tufe, zimefungwa kamba ya kuzivuta zisimame tena au ziko huru. Kijana wa mapokezi alinitazama, akasema, "Ngoja nikuulizie, mzee." Kabla hajarudi, mtu aliachia tufe njia ya pili, pini zikalia ule mlio mkavu wa mbao, kisha moja ikabiringika na kuiangusha mwenzake iliyokuwa imesimama peke yake. Pini ya kamba haibiringiki huru hivyo. Nikalipa.

Nimezaliwa Busia, lakini ujana wangu uliishia Akron, Ohio, Marekani, nikiwa fundi nyuma ya mashine za kupanga pini. Huo ndio mji ambako Eddie Elias alianzisha PBA, chama cha wachezaji wa kulipwa, mwaka 1958, kikiwa na wanachama 33. Wazee walionifundisha kazi walikuwa bado wanamsimulia Jack Biondolillo, ambaye mwaka 1967, mjini humohumo, alikuwa mtu wa kwanza kupata alama 300, za juu kabisa katika mchezo mmoja, mbele ya televisheni ya nchi nzima. Hiyo ni straiki 12 mfululizo, pini zote kumi chini kila tufe linapokwenda. Jumamosi alasiri kituo cha televisheni cha ABC kilipoonyesha mashindano, wateja waliacha njia zao wakajaa mbele ya televisheni ya kantini. Matangazo hayo yalidumu tangu 1962 hadi 1997. Mimi mtu wangu alikuwa Earl Anthony: miwani, nywele fupi kama za askari, mkono wa kushoto, hana haraka hata kidogo. Mwaka 1975 alikuwa mchezaji wa kwanza kuvuka dola 100,000 za zawadi kwa msimu mmoja.

Basi na mnielewe ninapoupima ukumbi huu kwa kipimo hicho.

Njia zake si za mbao, ni za plastiki ngumu iliyochorwa mistari ya mbao. Hilo silaumu, kumbi nyingi duniani zimehamia huko. Ila mafuta! Watu hudhani njia inapakwa mafuta ili ing'ae. Mafuta ndiyo yanayolifanya tufe liteleze mwanzo, na likifika mwisho ambako ni pakavu, linashika, linakata kona na kuingia kati ya pini ya mbele na jirani yake. Njia niliyopewa ilikuwa imepakwa upande wa kulia tu. Nilijaribu kona yangu mara nne, tufe likapita moja kwa moja kana kwamba limetupwa na mtoto.

Viatu ni visafi na vimekaushwa, hongera kwao. Matufe ya kilo 5 na 6 yapo mengi. Mazito ni mawili tu, na matundu yake yamelika kingo mpaka kidole gumba kinachubuka. Chipsi na kuku ni vya kawaida.

Kinachoniuma ni muziki. Unapigwa kwa nguvu mpaka husikii pini, na mchezaji wa bolingi hucheza pia kwa sikio. Nilipokuwa kazini nilijua kwa mlio tu kwamba gurudumu la kuzoa pini limekwama mashine ya saba, hata kabla taa haijawaka. Hapa njia ya tano ilikwama dakika ishirini bila mtu kushtuka. Nilimwonyesha fundi pale pini ilipolala kwa ubavu. Alikuwa msikivu, akaniuliza mengi, na ningependa mwenye ukumbi amlipe vizuri kijana huyo.

Nilikwenda na binti wa dada yangu, ana miaka 14. Skrini ilikuwa inamhesabia kila kitu, akaniuliza, "Mjomba, mbona nimepata straiki na hawajaniandikia alama?" Nikachana karatasi ya daftari, nikamchorea visanduku kumi, kimoja kwa kila zamu, kama tulivyokuwa tukifanya kwa penseli. Straiki ni 10 pamoja na pini za matufe mawili yanayofuata, kwa hiyo lazima usubiri. Spea, yaani pini zote kumi chini kwa matufe mawili, ni 10 pamoja na pini za tufe moja linalofuata. Mchezo wa pili aliandika mwenyewe na kuifunika skrini kwa mkono. Alipata 87, mimi 141.

Mchezo mmoja kwa mtu mmoja tulilipa shilingi 25,000, viatu ndani yake. Kama unataka kucheza kwa dhati, nenda Jumanne kabla ya saa tisa mchana. Hakuna sherehe za watoto, na ukiomba kwa adabu wanapunguza muziki. Omba njia ya mwisho kushoto. Niliijaribu tulipokaribia kuondoka: mafuta yake yako sawa pande zote, na kona yangu ilirudi.