Huduma ya kuagiza samaki kwa ujumbe mjini Kisumu
Duka hili lililo karibu na soko la Kibuye huuza ngege wabichi, walioondolewa magamba hadi mkiani na kupasuliwa kwa uangalifu. Bei nayo ni ya haki. Kasoro iko kwenye maagizo. Niliomba niletewe saa 2 usiku, na mhudumu, ambaye huandikiana na wateja wengi kwa Kiingereza, akamtuma wa bodaboda saa nane mchana, nyumbani kukiwa hakuna mtu. Aliomba radhi, akamrudisha jioni bila kudai nauli ya pili. Hata hivyo, kwa kuwa saa za Kiswahili hupishana na za Kiingereza kwa saa 6, duka linalohudumia wasemaji wa Kidholuo, Kiswahili na Kiingereza linapaswa kuthibitisha wakati kabla samaki hawajaondoka. Nitaagiza tena, ila kwa kupiga simu.