Swichi mbadala ya mlango wa mashine ya kukaushia nguo: uzoefu wangu

Swichi hii ya miguu mitatu (ncha za kuunganishia waya) nimeifunga kwenye mashine ya umeme ya mtindo wa Kimarekani, zile za volti 240 ambazo kichujio cha manyoya huchomolewa kwa juu. Inafanya kazi vizuri, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na ya kiwandani. Tatizo ni kwamba wengi huinunua kabla ya kupima, wakaifunga, mashine ikabaki imekufa vilevile, kisha lawama zote zikaangukia swichi.

Anza na dalili. Swichi ya mlango, ile inayozuia mashine kuzunguka mlango ukiwa wazi, ikiharibika na kukata umeme, ukibonyeza kitufe cha kuwasha unapata ukimya mtupu. Ukisikia mota inaunguruma na pipa halizunguki, swichi haina hatia: umeme umeshaipita na kufika kwenye mota. Pipa likizunguka bila joto, huko nako si kwake. Hakikisha pia soketi ya ukutani ina umeme kamili, yaani volti 240 kati ya laivu mbili, na 120 kati ya kila laivu na nyutro. Mota ya mashine hizi hutumia laivu moja tu, kwa hiyo upande mmoja wa breka ukianguka, inaweza kukaa kimya ukadhani ni mlango.

Taa ya ndani ya pipa inasaidia, ila nusu tu. Fungua mlango, bonyeza kitufe cha swichi kwa kidole. Taa isipozima, swichi imekwama au kijiti chake kimevunjika. Ikizima, usikimbilie kusema ni nzima. Ndani mna kontakti mbili tofauti: moja ya taa, inayobeba umeme kidogo, na nyingine ya mota, inayobeba ampea kadhaa na zaidi sana pale mota inapoanza. Inayoungua ni ya mota. Taa inaweza kuwaka na kuzima bila kasoro huku upande wa pili ukiwa mweusi kama masizi.

Sasa chomoa plagi ukutani. Fungua skrubu mbili zilizo kwenye tundu la kichujio, ingiza kisu bapa cha kupakia puti chini ya kifuniko cha juu, karibu na pembe za mbele, vibanio viachie, kisha inua. Swichi iko kwenye kona ya fremu ya mlango. Vuta soketi yake (kiunganishi cha waya zinazoingia kwenye swichi) kwa kushika plastiki, usivute waya. Kwenye mwili wa swichi mara nyingi pameandikwa COM (mguu wa pamoja), NO (huungana na COM kitufe kikibonyezwa) na NC (huungana na COM kitufe kikiachiwa). Weka testa kwenye omu (kipimo cha ukinzani), gusanisha ncha zake kwanza uone zenyewe zinasoma ngapi, kisha pima COM na NO. Kitufe kikibonyezwa isome chini ya omu 1. Kikiachiwa isome OL, yaani njia imekatika. COM na NC ziwe kinyume chake. Bonyeza polepole, achia polepole, rudia. Namba inayorukaruka, mara 0.4, mara 30, mara OL, ni swichi ya kutupa hata kama testa inalia.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni hiki: rudisha soketi ya swichi, nenda upande wa pili wa waya zake, chomoa pale zinapoishia, halafu pima mlango ukiwa umefungwa na mlango wenyewe, si kwa kidole. Hapo unapima swichi, soketi, waya na bawaba kwa pamoja. Kidole hubonyeza hadi mwisho. Mlango uliolegea bawaba haufiki. Ikisoma vizuri kwa kidole na OL kwa mlango, kaza au badili bawaba, na hela ya swichi ibaki mfukoni. Tikisa waya wakati unapima, kwa sababu huweza kukatika ndani ya ganda lake pasipoonekana.

Kama njia yote ni nzima, pima fyuzi ya joto iliyo kwenye njia ya hewa. Nayo ikiungua, mashine nyingi hukaa kimya vilevile. Usibadili fyuzi bila kusafisha bomba la kutolea hewa hadi nje, maana ndilo hasa huiunguza.

Kuhusu swichi yenyewe: miguu imepangwa kama ya zamani, skrubu zimeingia bila kuchonga, na COM hadi NO inasoma sawa na ncha za testa zikigusana. Springi ni ngumu kidogo, kwa hiyo mlango unataka msukumo zaidi. Ninachokilaumu ni kibanio cha plastiki: kinashika soketi kwa ulegevu. Kabla ya kufunga, angalia vipande vya shaba ndani ya soketi. Vikiwa vimebadilika rangi au plastiki imekuwa kahawia, kata, funga vipya vinavyostahimili joto. Swichi mpya kwenye soketi iliyoungua nayo itaungua.

Na tafadhali, usiunganishe waya mbili za swichi moja kwa moja ili "mashine iendelee tu." Pipa litazunguka mlango ukiwa wazi, na mkono wa mtoto hufika pale bila shida.

Mashine zenye bodi ya kompyuta huenda zisitumie swichi hii. Hakikisha kipuri kinaendana na namba ya modeli iliyo kwenye kibandiko cha fremu ya mlango kabla ya kulipa.