Godoro la springi na topa: nilinunua mara mbili ndani ya mwaka mmoja

Nikitoka zamu ya usiku nafika nyumbani Tabata kwenye saa mbili na nusu asubuhi. Jua limeshakuwa kali, bati limeanza kutoa joto, na hapo ndipo usiku wangu unaanza. Ni muuguzi wa wodi ya wazazi, kazi ya kusimama na kuinama, kwa hiyo mahali ninapolala ni nusu ya kazi yangu. Mwaka jana nilinunua godoro la springi nikakosea karibu kila kitu, miezi kumi baadaye nikanunua jingine nikapatia. Nayaandika yote mawili, maana lile la kwanza ndilo lililonifundisha kuchagua la pili.

Tulianza na sponji ya futi 6 kwa 6, inchi 8, tuliyohamia nayo nyumba hii. Lilikuwa limefanya bonde katikati. Baba Salma ana kilo 96, mimi 68, basi akishalala yeye mimi nateremkia upande wake, na usiku kucha mkono mmoja umeshika ukingo wa kitanda. Naamka kiuno kimekaza, nachukua dakika kumi kunyooka.

Na mimi nilikuwa na imani ile tuliyolelewa nayo wengi: mgongo ukiuma, lala pagumu. Bibi yangu akiumwa kiuno alitandikiwa mkeka sakafuni. Kwa hiyo nilipoingia dukani nilichouliza ni kimoja tu, lipi ndilo gumu kuliko yote. Kijana akanionyesha moja, akasema, "Mama, hili ni la mgongo, madaktari wenyewe wanachukua hili." Nikakaa pembeni yake na mkoba mkononi na viatu miguuni, nikalibonyeza kwa kiganja, nikalipa shilingi 780,000. Nilipewa risiti ya kuandikwa kwa mkono. Waranti sikuuliza.

Kirikuu kilipolishusha ndipo kasoro zikaanza kuonekana. Kitanda chetu tulichongesha kwa mafundi seremala wa Keko, cha futi 6 kwa 6, yaani sm 183 kila upande. Godoro lile lilikuwa la kutoka nje, sm 180 kwa 200. Miguuni sm 17 zilining'inia hewani. Nikachukua tepu ya kushonea nikapima unene: niliambiwa inchi 10, tepu ikasoma 8 na nusu. Nilipiga simu dukani, nikajibiwa kwamba mali ikishatoka haipokelewi. Iliniuma sana. Hela ile niliiweka kidogo kidogo ya zamu za ziada.

Kufikia mwezi wa nne wa kulilalia, springi zikawa zinalia. Akijigeuza yeye, kitanda kizima kinatikisika, nami nazinduka. Mimi hulala ubavu, na bega la chini lilikuwa linakufa ganzi mpaka vidoleni. Nikaona nilitibu kiuno nikaharibu bega.

Aliyenifungua macho ni kaka mmoja wa fiziotherapia tunayefanya naye kazi. Nilimwambia nimenunua gumu kabisa na bado naumia. Akaniambia, "Sista, nani alikwambia gumu ndiyo dawa?" Akanieleza utafiti uliofanyika Hispania na kuchapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2003. Watu wazima 313 wenye maumivu ya muda mrefu ya kiuno waligawiwa magodoro, wengine magumu, wengine ya ugumu wa kati. Baada ya siku 90, wa ugumu wa kati ndio waliokuwa na nafuu zaidi, wakiwa wamelala na wanapoamka, hata katika shughuli zao za mchana. Nilikwenda kuusoma mwenyewe. Mantiki yake hata bila utafiti inaeleweka: ukilala ubavu, bega na nyonga ndivyo vinavyotokeza. Godoro lisipovipokea viingie kidogo, uti wa mgongo unapinda kama kamba ya nguo. Likiwa laini mno, nyonga inazama na uti unapinda upande mwingine.

Jioni ile binti yangu alinipima. Nililala ubavu, akaweka uzi wa rangi kuanzia shingoni kufuata uti mpaka mkiani, akapiga picha kwa simu. Uzi ulikuwa na tumbo katikati. Jaribu hili nyumbani kwako, halina gharama.

Kabla ya kununua jingine, nilijaribu njia ya mkato. Nilitandika topa, yaani godoro jembamba la kuwekwa juu ya godoro, juu ya lile bovu. Siku tatu za mwanzo niliona raha, ya nne nikagundua topa nayo imefuata mabonde yale yale. Topa inaongeza ulaini juu ya godoro zima. Godoro lililokufa haifufui. Ukiwa na bonde chini, utalala kwenye bonde lenye topa.

Basi tukalifumua. Baba Salma alilibeba mpaka barazani, nikachukua mkasi wa kukatia bandeji nikachana kitambaa pembezoni. Juu kulikuwa na sponji ya kama inchi moja tu. Chini yake blanketi la matambara yaliyosagwa, kisha springi zenyewe, nyembamba kiunoni na pana juu na chini, zote zimeshonwa pamoja kwa waya mwembamba wa kujiviringa. Hapo nikaelewa kwa nini akijigeuza mtu mmoja wanaamka wawili: ukivuta moja zimevutika zote. Sehemu ya kiunoni waya ulikuwa na kutu. Tulikuwa tumeliacha na nailoni yake juu ili lisichafuke, kama wengi tunavyofanya, na jasho la Dar es Salaam halikuwa na pa kutokea. Na upande wa chini niliona kitu kilichonishtua zaidi: springi zilikuwa zimetoboa blanketi la upande huo kwa mistari, na mistari ile ilikuwa sawasawa na mapengo ya chaga.

Chaga zetu zilikuwa sita, kila moja upana wa inchi 4. Kati ya chaga na chaga kulikuwa na karibu sm 25. Sponji inaweza kuvumilia pengo kama hilo kwa muda, ila springi hazivumilii, kwa sababu kila moja inahitaji mahali pa kukanyaga. Fundi wa Keko aliongeza chaga tano zikawa kumi na moja, pengo likabaki kama sm 7, na katikati akaweka mguu wa kushikilia uzito. Kazi hiyo ilifanyika kabla sijagusa duka lolote. Nawasihi, anzeni hapo. Godoro zuri juu ya chaga mbovu ni hela iliyotupwa.

Safari hii nilikwenda na Baba Salma, siku ya mapumziko, na tepu kwenye mkoba. Maduka matano. Nilikuwa najua ninachotaka: springi za mfuko. Hizi kila springi imeshonewa kifuko chake cha kitambaa na inapanda na kushuka peke yake. Si jambo jipya, zilianza zaidi ya miaka mia moja iliyopita huko Kanada, lakini madukani kwetu unaweza kuuziwa zile za kushonwa pamoja kwa maneno hayo hayo "godoro la springi" na usijue tofauti. Namna ya kujua: mwenzako akae kwa nguvu upande mmoja, wewe uwe umelala upande wa pili umefumba macho. Ukirushwa, si za mfuko, au ni za mfuko zilizopangwa vibaya. Tulifanya hivyo duka kwa duka, na nilivua viatu na kulala robo saa nzima, ubavu wa kulia kisha wa kushoto. Wauzaji wengine walinuna. Mmoja alinipa mto na kusema, "Lala mama, godoro halinunuliwi kwa macho." Ndiye tuliyenunua kwake.

Nikilala chali napitisha kiganja chini ya kiuno. Kikipita kirahisi kama chini ya daraja, ni gumu mno kwangu. Kikigoma kabisa, nimezama. Hili kiganja kilipita kwa kusukuma kidogo. Niliuliza pia geji ya waya, na hapa msidanganyike: namba ikipanda, waya unakuwa mwembamba. Geji 13 ni nene kuliko 15. Kwa uzito wa Baba Salma niliepuka nyembamba.

Tulichukua la futi 6 kwa 6 kamili, inchi 10 kwa tepu yangu mwenyewe mbele ya muuzaji, kwa shilingi 1,150,000. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na waranti ya miaka mitano yenye muhuri. Niliisoma palepale: doa kubwa likionekana waranti inakufa, na wanadai kitanda kiwe na chaga za karibu. Nilishukuru nilishapita Keko.

Sasa topa. Godoro hili nililichagua gumu kidogo zaidi ya ninavyopenda, kwa makusudi, ili limbebe yeye, halafu topa ilainishe upande wa bega langu. Wifi yangu alinikopesha ya memori fomu, ile sponji inayofuata umbo la mwili, inchi 3. Hospitalini nimeona inavyosaidia wagonjwa wasiogeuka, na sifa yake ni ya kweli, inakupokea taratibu kama udongo mbichi. Lakini memori fomu hulainika kwa joto, na mimi nalala mchana. Mwezi wa Februari, saa sita, umeme umekatika na feni imesimama, topa ile ilinikumbatia nikaamka shuka imelowa na umbo langu limechorwa juu yake. Kujigeuza ilikuwa kama kutoka kwenye tope. Anayelala na kiyoyozi, au anayeishi Njombe au Lushoto, huenda akaipenda sana. Kwa Dar bila kiyoyozi siishauri, hasa ya inchi 3.

Nikahamia lateksi, inayotokana na utomvu wa mti wa mpira, ya inchi 2, yenye vitundu kila mahali. Shilingi 310,000, na kwa kweli roho iliniuma kulipa. Hii haikuzamishi, inanesa. Ukitoa mkono inarudi hapo hapo. Hewa inapita. Bega liliacha kufa ganzi ndani ya wiki ya pili. Binti akarudia kupiga picha ya uzi, nao umelala karibu sawa, na picha zote mbili ninazo kwenye simu.

Ni miezi minane sasa. Yasiyonipendeza nayo niyaseme. Lateksi ni nzito, siku ya kufua shuka nahitaji mtu wa kunisaidia kuinua, na ilinuka mpira kwa siku nne tukafungua madirisha. Kingo za godoro ni dhaifu kidogo, ukikaa pembeni kuvaa soksi linabonyea. Kimo nacho kilileta tatizo nisilolitegemea: chandarua chetu kilikuwa hakifiki tena kuchomekwa chini ya godoro, mbu wakaingia, ikabidi nishushe ndoano ya darini. Mwenye watoto apime hili mapema. Shuka za zamani pia hazishiki, inabidi zenye pembe za kina. Kila baada ya miezi mitatu tunalizungusha, kichwani kuja miguuni. Kulipindua chini juu haifai, hili lina upande mmoja tu wa kulalia. Bonde halijaanza. Naweka ubao ulionyooka juu yake kila tunapolizungusha na kuangalia chini yake, mwanga haupiti.

Mama yangu alikuja kutoka Pangani mwezi wa sita kwa ajili ya kliniki, nikamwachia kitanda chetu nilipokuwa zamu. Asubuhi namkuta ameketi, miguu inaning'inia, haigusi sakafu. Akaniambia, "Mwanangu, usingizi ni mzuri, ila kushuka humu ni kama kushuka jahazini." Tukapima: kutoka sakafuni mpaka juu ya topa ni inchi 26. Kwa mtu mwenye magoti kama yake hiyo ni hatari, na hospitalini kwetu hupokelewa waliovunjika nyonga kwa kuanguka kitandani.

Kwa hiyo kwa chumba chake tumechukua springi za mfuko futi 4 kwa 6, inchi 8. Topa ya lateksi aliikataa. Ameagiza fundi wa kwao amshonee ya sufi, kama magodoro tuliyolalia tukiwa wadogo, yale yaliyokuwa yakianikwa juani na kupigwa fimbo mpaka yakavimba. Imefika juzi kwa basi, nyepesi, imejaa vizuri, ya inchi 3 ambazo najua zitashindiliwa mpaka moja na nusu, kisha itafumuliwa na sufi kuchambuliwa upya. Nimeilalia mchana mmoja nikiijaribu. Haina joto hata kidogo. Fundi wa Keko anakuja Jumamosi kukata miguu ya kitanda chake inchi nne.