Mizani ya Baruti ya Zamani: Chungulia Kisu Kabla ya Kutoa Pesa

Hereni ile ile, mizani ile ile, asubuhi moja: greni 38 (greni moja ni kama miligramu 65), kisha 41, kisha 36. Hapo nikajua nimepigwa. Mizani yenyewe, ya kupimia baruti ya kujazia risasi, niliinunua Kibuye, sokoni Kisumu, siku ya Jumapili, kwa mzee aliyeisugua hadi ikang'aa kama sufuria ya harusi.

Mlioniandikia mnauliza rangi, sanduku, mwaka. Hayo sigusi. Tazama kisu. Mkono wa mizani hizi hulala juu ya ncha mbili za chuma zilizonolewa, ndizo kisu, nazo ncha zimekalia vijiwe vya akiki. Ncha ikibutuka, au vumbi likijaa kwenye kijiwe, mkono hukwama kidogo, na huwezi kuona kwa macho. Kwa hivyo pangusa akiki, weka sifuri, gusa mkono uyumbe, uache utulie. Mara tatu. Usiporudi pale pale, rudisha mzigo wa watu. Ukirudi, dondosha kikaratasi cha ukubwa wa ukucha wa mtoto kwenye kitanga. Mkono lazima ushtuke. Halafu chungulia kwenye sumaku za kutuliza mkono. Vumbi la chuma likinasa pale, mkono husugua.

Babangu alikuwa mpishi wa mwindaji mmoja kule Njoro. Bwana akijaza maganda ya risasi, hakuna ruhusa ya kufungua mlango: upepo kidogo tu na kipimo kimeharibika. Uwindaji ulipopigwa marufuku 1977, vyombo vile vikaingia kabatini, na sasa watoto wa wenyewe wanavitoa kama vyuma chakavu. Nunua mizani tu, jamani. Baruti na fataki za risasi bila kibali ni kesi.

Ya kwanza kwangu, na sioni aibu kupendelea, ni RCBS 10-10, zile zilizotengenezwa na Ohaus wa Marekani. Inasoma hadi sehemu ya kumi ya greni, yaani kama miligramu 6.5. Inafika greni 1,010, lakini uliza kile kipande cha uzito cha ziada. Kikipotea unaishia nusu. Ya pili Redding, nzito na haina maringo. Ya tatu Lyman, ukiipata na kitanga chake.

Za plastiki, na za betri za kichina? Pimia hamira.

Sasa hawa wauzaji. Juzi hapa Nakuru kijana kaniambia elfu tisa, "madam, hii ni antiki," na kitanga hakipo. Kitanga na kining'inizio chake husawazishwa na mkono wake kiwandani, huwezi kuokota kingine popote na sifuri ikakaa. Nikamweleza polepole. Akasema hakuna shida, akainama chini ya meza, akanitolea kifuniko cha mkebe wa majani chai.