Riwaya ya Mfungwa Mchora Samaki: Usinunue Toleo la Wino Mweusi Kabla Hujaona Hii

Watu wangu wa vitabu, hamjambo? Karibuni. Leo sina utangulizi mrefu, maana nina furaha na nina hasira, na vyote vimetoka kwa kitu kimoja. Hiki hapa. Mnakiona? "Gould's Book of Fish", kimeandikwa na Richard Flanagan, mzaliwa wa Tasmania kule Australia, kikatoka mwaka 2001. Mwaka uliofuata kikachukua tuzo ya waandishi wa Jumuiya ya Madola. Flanagan mnamjua, ndiye aliyebeba tuzo ya vitabu ya Booker mwaka 2014, kwa hiyo wasifu wake nauruka. Ukiutaka, uko mtandaoni, mimi sipo hapa kuwasomea wasifu.

Haya, hasira kwanza.

Nina nakala mbili. Hii ya mkono wa kushoto, jalada laini, nimenunua kwa hela yangu, shilingi 48,000 pamoja na usafiri. Hii ya mkono wa kulia, jalada gumu, toleo la kwanza, nimeazimwa na mtu ambaye akiona nilivyoishika sasa hivi atanipigia simu. Naiweka chini taratibu. Haya.

Sasa tazameni, ngoja nisogeze taa. Nafungua hii yangu, popote tu. Maandishi meusi. Naruka mbele, meusi. Huku mwisho, meusi. Kitabu cha kawaida, au siyo? Sasa nafungua hii ya kuazima. Mnaona? Ngoja kamera ivute... subiri... haya! Hii ni nyekundu. Siyo kichwa cha sura, ni maandishi yote, ukurasa mzima. Nafunua sura nyingine, zambarau. Nyingine, kijani. Hii hapa, kahawia. Jamani!

Mtu ataniambia, dada, hayo ni mapambo tu, hadithi ni ileile. Hapana. Hebu nisikilize, maana hapa ndipo kitabu kizima kilipo.

Anayesimulia ni Billy Gould, mfungwa, miaka ya 1820 na 1830, kwenye kisiwa cha Sarah, ndani ya ghuba ya Macquarie, pwani ya magharibi ya Tasmania. Wakati huo paliitwa Van Diemen's Land. Seli yake imechimbwa chini ya usawa wa maji kujaa. Bahari ikijaa, maji yanaingia ndani, yanapanda, naye anaelea mpaka pua inakaribia dari. Yakipwa, anashuka nayo. Kila siku hivyo. Na mfungwa haruhusiwi kuandika habari zake. Wino hana, nani ampe? Basi anatengeneza wa kwake kwa kila anachokipata. Damu. Miiba ya yule mdudu wa baharini mweusi ambaye ukimkanyaga unapewa ndimu na maneno ya faraja, huyo ndiye anayetoa zambarau. Na ile kahawia... nyie mnaokula muda huu, samahani. Ile kahawia ni choo chake mwenyewe.

Na anakuambia! Katikati ya hadithi anasimama, anakueleza leo anaandika kwa nini, amekipataje, kinanukaje. Sasa kwenye hii ya kulia unasoma habari ya zambarau kwa zambarau. Macho yako yako ndani ya ile seli. Kwenye hii yangu ya 48,000 mtu anakuapia kwamba anaandika kwa damu, na wewe unatazama wino mweusi wa kiwandani. Mchapaji amemfanya msimuliaji aonekane mwongo! Na huyu msimuliaji kweli ni mwongo, tutafika huko, lakini uongo wake mwenyewe unamtosha, asiongezewe na watu wa hesabu.

Nimefanya jaribio moja mtalipenda. Nimesoma ukurasa uleule, kwanza kwenye nyeusi, halafu kwenye kahawia. Hapa, huu. Kwenye nyeusi nilicheka, maana Gould ana mdomo mchafu na anachekesha. Kwenye kahawia nilicheka nikasita. Nikajikuta nimekishika kitabu kwa ncha za vidole, hivi, mnaona? Karatasi safi kabisa, lakini mkono umekataa! Hakuna video ya kusimulia muhtasari inayoweza kukupa hiyo. Nawasema, ndiyo. Kuna machaneli siku hizi, sitaji, mtu anasoma maneno ya nyuma ya jalada kwa sauti nzito, anaweka muziki wa huzuni, anaita uchambuzi. Halafu watazamaji laki mbili. Mungu anawaona.

Na kabla hamjauliza kwenye komenti, skrini ya kishkwambi changu haionyeshi rangi, ni kijivu tupu, kwa hiyo kusomea huko ni hadithi ileile ya nyeusi.

Lawama moja kwa hii nzuri pia, maana silipwi na mtu: ile kijani usiku, kwenye taa hafifu, inatesa. Inabidi ukae karibu na dirisha mchana. Nimevumilia.

Jambo hili limenigusa zaidi kwa sababu sisi tunalo la kwetu. Abdilatif Abdalla wa Mombasa, aliyefungwa miaka mitatu kuanzia 1969 kwa kuandika karatasi ya kuihoji serikali ya Kenya, alikuwa akitunga mashairi gerezani na kuyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili haambiwi mara mbili kwamba kitu ulichoandikia ni sehemu ya ulichoandika. Tunalijua hilo.

Haya, sasa furaha. Gould alikuwepo kweli.

William Buelow Gould, Mwingereza. Mwaka 1826 alihukumiwa miaka 7 ya kupelekwa ng'ambo kwa wizi wa koti. Koti! Alifika Hobart, mji mkuu wa koloni, mwaka 1827. Mlevi, mghushi, na mchoraji mzuri sana. Mwaka 1829 wakampakia kwenye meli, Cyprus, kumpeleka huko Macquarie, na njiani wafungwa wakaiteka meli. Wakaondoka nayo mpaka wakafika Japani! Hiyo peke yake ni filamu, na mtu akiitengeneza vibaya nitalia. Gould hakujiunga nao. Akapewa kazi kwa daktari wa koloni, James Scott, awe anamchorea mimea. Baadaye akaharibu tena, na mwaka 1832 akafika Macquarie kwelikweli. Huko akawa chini ya daktari mwingine, William de Little, na hapo ndipo akachora samaki.

Daftari lake lipo mpaka leo, Hobart, kwenye maktaba ya Allport. Michoro 36 ya rangi za maji. Mwaka 2011 likaingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya kumbukumbu za dunia, ile ya Australia. Flanagan amechukua samaki 12 kati ya hao, kila mmoja anafungua sura yake. Farasi wa bahari mwenye kitambi, bunju, papa mwenye pua ya msumeno, kamba wa mtoni... Ngoja niwaonyeshe huyu bunju. Mtazameni macho. Yaani umeshawahi kumwona bunju ametolewa tu kwenye wavu, amejivimbisha, anakutazama kama wewe ndiye mwenye tatizo? Ndiye huyu. Na kadiri unavyosonga unagundua kila samaki amechorwa na sura ya mtu fulani wa kisiwani. Daktari ni samaki. Kamanda wa kisiwa ni samaki. Ukishaliona hilo huwezi kuacha kuliona, nami tangu nimalize natazama watu kwenye daladala natafuta mapezi.

Uongo sasa. Mwanzoni hukutani na Gould. Unakutana na tapeli wa zama zetu, Sid Hammet, anayechukua samani za hovyo anazizeesha na kuwauzia watalii wa Kimarekani kama vitu vya kale. Huyo ndiye anayekiokota kitabu cha Gould, kinawakawaka gizani, kisha kinampotea, na anaamua kukiandika upya kutoka kichwani. Tapeli! Kwa hiyo unachosoma ni kumbukumbu za mlaghai kuhusu maandishi ya mghushi. Halafu kisiwani kuna karani, Jorgen Jorgensen. Huyo naye alikuwepo, Mdenmaki, mwaka 1809 alijitangaza mtawala wa Iceland, akatawala wiki chache, miaka ya baadaye akaletwa Van Diemen's Land kama mfungwa. Ndani ya riwaya yeye ndiye mwenye kumbukumbu za koloni, na siku Gould anapoyafikia yale makabrasha anakuta koloni lililoandikwa humo silo analoishi yeye. Viboko havimo. Njaa haimo. Kila kitu kinakwenda vizuri kwa mujibu wa taarifa. Mnaofanya kazi maofisini mtaisoma sura hiyo mkiguna.

Sasa hapa nafichua jambo, asiyetaka asogeze video mbele kidogo. Mmeshasogeza? Haya. Daktari wa riwaya, Lempriere, ana tamaa ya kutambuliwa na wanasayansi wa London. Ndiyo maana anamchorisha Gould samaki. Baadaye London wanataka kitu kingine. Wanataka mafuvu ya weusi wenyeji wa kisiwa. Naye anakusanya, anapaki kwenye mapipa. Halafu daktari mwenyewe analiwa na nguruwe wake. Na fuvu lake, la Mwingereza, linapelekwa London pamoja na yale mengine, na bingwa wa huko analipima na kusema, naam, huu ni ushahidi wa jamii duni!

Nilipiga kelele. Nyumba nzima ikaja.

Lakini mzaha huo umesimama juu ya mambo yaliyotendeka. Truganini, mwanamke Mwaborijini wa Tasmania, alifariki 1876, na mifupa yake ikawekwa maonyesho kwenye jumba la makumbusho la Hobart mpaka 1947. Ilichomwa na majivu yake kutawanywa baharini 1976, karne nzima baadaye. Na sisi? Fuvu la Mkwawa lilirudi Kalenga mwaka 1954, na yeye alikufa 1898. Nimefika Kalenga, nimelitazama kwenye kioo, na wakati nasoma habari za yale mapipa nilikuwa Iringa kichwani. Mzungu anaweza kusoma sura ile kama kejeli nzuri. Mtanzania anaisoma akiwa na jina la mtu mdomoni.

Kwa hiyo kitabu hakina kasoro? Kina. Katikati kunachosha. Kamanda, yule mwenye barakoa ya dhahabu, anaanza kujenga. Stesheni ya reli, kwenye kisiwa unachoweza kukizunguka kwa miguu! Ukumbi mkubwa wa kuchezea mahjong! Mwanzo nilifurahi, mara ya tatu nikawa naangalia kurasa zilizobaki. Na Twopenny Sal, mwanamke mwenyeji ambaye Kamanda, Gould na wengine wote wanamtaka, anatazamwa kurasa nyingi kuliko anavyozungumza. Nilimngoja. Flanagan anaelewa kwamba huyu ndiye mwenye ardhi, kuna mahali anampa nguvu kubwa, lakini nilitaka zaidi, na sioni kwa nini karani wa Kidenmaki apate nafasi kuliko yeye.

Nilikuwa nimeandika hapa nyota 3 na nusu. Sasa nimezungumza nacho mbele yenu, naona 4. Kwa jalada gumu 4 na nusu. Jalada laini libaki na 3 na nusu, adhabu.

Kuna wazee wa fasihi wataniuliza kuhusu "For the Term of His Natural Life" ya Marcus Clarke, ile riwaya kuu ya wafungwa wa Australia iliyotoka vipande vipande kwenye jarida kuanzia 1870. Nimeisoma, na yeye pia anakupeleka Macquarie. Ukitaka mateso yaliyonyooka, mtu mwema anaonewa kuanzia mwanzo mpaka mwisho, soma hiyo. Mimi mtu mwema asiye na kosa hata moja ananichosha. Gould anaiba, analewa, anaghushi, anasaliti, halafu anamtazama samaki anayekufa mezani na anashindwa kuendelea kuchora. Huyo namwelewa.

Bei. Usinunue hii nyeusi kwa 48,000, tafadhali. Muuzaji mmoja wa mtandaoni, simtaji, kwenye picha aliweka jalada la toleo la rangi, akaniletea hii, na ujumbe wangu mpaka leo una tiki mbili za bluu bila jibu. Kabla hujatuma hela mwambie mtu akupigie picha ya ukurasa wa ndani, siyo jalada. Ukurasa wa ndani! Matoleo ya kwanza yanapatikana ya mtumba, na mara nyingine ni rahisi kuliko jipya, maana anayeuza hajui alichonacho. Usimwambie.

La chaneli: kuanzia mwezi ujao video zinahamia Jumamosi jioni, kwa sababu Jumatano umeme wa mtaa huu na mimi hatuelewani. Tukifika wanachama 10,000 tunasoma kitabu kimoja pamoja, mnachagua nyie, nami naomba msichague kirefu kuliko hiki. Bofya kengele basi, haikuli mkono.

Na nyie mlioanza kuandika "dada tuazime hiyo ya rangi", nawaona. Siyo yangu. Mwenyewe anakuja kuichukua leo saa kumi na moja, na ameniambia atahesabu kurasa.