Uzoefu wangu na Oxford Advanced Learner's Dictionary: kitabu na tovuti

Nimeitumia kamusi hii, inayoeleza maneno ya Kiingereza kwa Kiingereza, kwa miaka kadhaa sasa, kitabu nikiwa ofisini na tovuti nikiwa njiani. Nimeamua kuandika kuihusu kwa sababu watu huniuliza mara kwa mara wanunue kamusi gani ya Kiingereza. Kazi yangu ni kuandika barua na taarifa katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, Dar es Salaam. Nimesoma shule za serikali: darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Aliyepita njia hiyo anajua tunakokwama. Maana za maneno tunazo nyingi, shida huanza tunapotaka kuyatungia sentensi.

Chukua neno "afford". Ukiuliza utaambiwa ni kumudu, na ni kweli. Lakini ukiondoka na hilo peke yake utaandika "I afford this car", sentensi ambayo Mwingereza ataielewa ila yeye mwenyewe haisemi. Sasa fungua Oxford. Kabla hata ya kutaja maana, inakuarifu kwamba neno hili kwa kawaida huandamana na "can", "could" au "be able to", hasa katika kukanusha na kuuliza, na kwamba kwa maana hiyo halina kauli ya kutendwa. Ndipo inakupa maana: kuwa na pesa za kutosha kununua au kufanya kitu. Mifano inaonyesha kwamba baada yake waweza kuweka nomino, au kitenzi chenye "to" mbele. Shuka kidogo ukute maana ya kuonya, ile ya jambo ambalo ukiliruhusu litakuletea matatizo. Hapo ndipo "We can't afford to lose this customer" inapopata nguvu yake, na sentensi ya aina hiyo ofisini kwetu inahitajika sana. Mwishoni kuna matumizi ya lugha rasmi: kumpa mtu fursa au ulinzi, na hapo sharti la "can" halipo tena. Neno moja, na ukimaliza kulisoma unaweza kulitumia kwenye barua ya siku hiyohiyo bila wasiwasi.

Kinachonifurahisha zaidi ni maonyo yake. Kwenye "explain" wameweka wazi kwamba husemi "explain me", unasema "explain something to me". Kwenye "discuss" wanakukataza kuongeza "about". Makosa haya nayasikia kila siku mikutanoni, hata kwa watu wenye shahada, na chanzo chake si uvivu. Sisi tunasema "nieleze", mtendwa yumo ndani ya kitenzi, na tunasema "tujadili kuhusu bei". Tukihamia Kiingereza tunaubeba muundo wetu mzima mzima. Kamusi ya lugha mbili haiwezi kukuzuia hapo, maana kazi yake ni kukupa neno la upande wa pili.

Asili yake inaeleza kwa nini iko hivi. Mwandishi wake, A. S. Hornby, alikuwa Mwingereza aliyefundisha Kiingereza Japani tangu miaka ya 1920, na aliitunga pamoja na wenzake wawili, E. V. Gatenby na H. Wakefield, kwa ajili ya wanafunzi wa huko. Ilichapishwa Tokyo mwaka 1942, na Oxford wakaitoa upya mwaka 1948. Ilizaliwa, basi, mikononi mwa walimu waliokuwa wakisahihisha daftari za wageni wa lugha. Toleo la kumi limetoka mwaka 2020, na roho ni ileile. Maelezo hutumia maneno ya kawaida, ili usije ukatafuta neno moja ukajikuta unatafuta mengine matano. Maneno 3,000 ya msingi yamewekewa alama ya ufunguo. Nawashauri vijana waanze na hayo kabla ya kukimbilia maneno ya kujionyesha.

Tovuti yake ni bure kwa mtu anayetafuta neno mojamoja, na bando haliliwi sana. Faida yake kubwa kuliko kitabu ni sauti: unabonyeza spika ukasikia matamshi ya Uingereza na ya Marekani. Kwa sisi hili ni la lazima. Mkazo wa Kiswahili hukaa karibu daima kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, lakini "record" ikiwa nomino hukaziwa mwanzo, ikiwa kitenzi hukaziwa mwisho, na herufi hazikwambii chochote.

Kitabu ni kizito, karatasi zake ni nyepesi na maandishi ni madogo. Mwenye macho ya kuchoka atumie tovuti. Collins COBUILD nayo nimeijaribu. Hueleza neno kwa sentensi kamili, inasomeka vizuri, ila mimi nikitaka kanuni kwa haraka narudi Oxford.

Kwa mtoto anayeingia kidato cha kwanza, hii peke yake itamvunja moyo. Mnunulie kwanza kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili), ile iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1996, asome nayo mwaka au miwili. Akishaweza kuelewa sentensi fupi ya Kiingereza bila kutafsiri, mpe Oxford, na mfundishe alama moja kabla ya zote: ile inayotofautisha nomino zinazohesabika na zisizohesabika. Ataona mwenyewe kwa nini "advice" na "information" hazichukui "s", na kwa nini mizigo yote ya kontena zima ikiitwa "equipment" inabaki hivyohivyo.

Toleo jipya dukani lina bei. La mtumba linafaa kabisa, hata la saba au la nane, kwa kuwa maneno kama "afford" na "explain" hayajabadilika. Kabla ya kulipa, fungua herufi A na herufi Z uhakikishe kurasa zipo, kwa sababu hizo ndizo hung'oka kwanza.