VOSviewer kwa watafiti wa plastiki Uganda: inachora vizuri, na uchafu inauchora pia

Mwanafunzi wa uzamili wa Makerere au Kyambogo anayeandika juu ya kuyeyusha madumu mabovu na kuyatengenezea bidhaa mpya hafiki mbali kabla msimamizi hajamuuliza: nani wameandika kuhusu jambo hili, na nani anafanya kazi na nani? Siku hizi wengi hujibu kwa ramani ya VOSviewer, programu inayochora uhusiano kati ya makala, waandishi na maneno yao. Maduara ya rangi, nyuzi katikati yake, na tasnifu inaonekana imesoma dunia nzima. Programu yenyewe ni nzuri na ni ya bure. Shida ni kwamba haisafishi data. Ukiilisha takataka itazipanga kwa makundi, izipake nyekundu na kijani, na zitapendeza.

Walioitengeneza ni Nees Jan van Eck na Ludo Waltman wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, na makala yao ya kuitambulisha ilitoka katika jarida la Scientometrics mwaka 2010. Toleo linalopimwa hapa ni 1.6.20 la mwaka 2023. Unapakua faili la zipu, unalifungua, unabofya mara mbili, basi. Ikigoma kufunguka, tazama kwanza kama kompyuta ina Java. Ukishakuwa na mafaili ya data, kazi yote inafanyika bila intaneti, na mtu anayenunua bando la siku pale Wandegeya ataona tofauti. Ila haijihifadhi yenyewe. Umeme ukikatika na kompyuta ni ya mezani, ramani imekwenda na nusu siku ya kazi. Kila ukifika hatua ya maana hifadhi mafaili mawili, la ramani na la mtandao wake, kwa sababu faili la ramani peke yake halikurudishii nyuzi.

Data inatoka kwingine, kwenye hifadhidata za makala za kitaaluma: Scopus, Web of Science, Dimensions, Lens, PubMed, au moja kwa moja kutoka OpenAlex. Scopus na Web of Science ni za kulipiwa, hivyo anzia kwa mkutubi wa chuo kabla ya kuhangaika. OpenAlex ilianza Januari 2022, haidai ada ya uanachama, na inashika majarida mengi ya Afrika ambayo Scopus haiyaoni. Kasoro yake kwa kazi hii ni kwamba maneno muhimu yaliyomo humo yamebandikwa na kompyuta, si yale mwandishi aliyoyachagua mwenyewe. Kwa hiyo ukitaka ramani ya maneno kutoka OpenAlex, tumia maneno ya vichwa na ikisiri, na ujue kwamba makala nyingine humo hazina ikisiri kabisa.

Sasa utafutaji, maana hapa ndipo ramani nyingi zinaharibika kabla programu haijafunguliwa. Andika PET peke yake na utaletewa chupa za soda, vipimo vya saratani vya hospitali kubwa, pamoja na mbwa na paka wa kufugwa. Andika PLA na utapata plastiki ya mahindi ikiwa imechanganyika na vimeng'enya vya sumu ya nyoka. Neno la Kiingereza la kalibu, ile ya chuma ambayo plastiki iliyoyeyuka hudungwa ndani yake ipate umbo la beseni, ni mould, hilohilo la kuvu ya mkate. Tena Waingereza huliandika kwa herufi u na Wamarekani bila u. Andika jina la polima, yaani aina ya plastiki, kwa ukamilifu na uliambatanishe na mchakato. Kwenye Scopus swali linalofanya kazi kwa chupa zinazorejelezwa hapa nchini ni kama hili:

TITLE-ABS-KEY("polyethylene terephthalate" AND recycl*) AND AFFILCOUNTRY(uganda)

Kwa injeksheni, yaani kudunga plastiki kwenye kalibu, weka "injection mo*ld*" ili tahajia zote mbili ziingie. Ukitaka uwanja mzima wa dunia, ondoa sehemu ya nchi, lakini usichanganye matokeo ya maswali hayo mawili katika ramani moja. Ya pili itaimeza ya kwanza.

Wakati wa kupakua kutoka Scopus chagua CSV na uweke alama kwenye visanduku vyote, hasa kile cha marejeo. Ukikisahau, uchambuzi unaotegemea marejeo hautawezekana, na utarudi mwanzo. Kutoka Web of Science chagua rekodi kamili pamoja na marejeo yake. Humo unapewa rekodi 500 kwa mkupuo, kwa hiyo makala 1,800 ni mafaili manne. Usijisumbue kuyaunganisha, VOSviewer inakubali kuchaguliwa mafaili kadhaa kwa pamoja.

Na tafadhali, usilifungue faili la CSV kwa Excel ukabonyeza kuhifadhi. Seli moja ya Excel haibebi zaidi ya herufi 32,767. Makala ya mapitio yenye marejeo mia nne inavuka hapo, na marejeo yaliyozidi hayabaki mahali pake. Utakuja kushangaa kwa nini makala nzito kuliko zote haina uhusiano na mtu. Ukitaka kuchungulia, chungulia nakala.

Ndani ya programu unabonyeza Create, unachagua data ya kibibliografia, kisha unaulizwa aina ya uhusiano. Zipo tano, na watu wengi huchukua ya kwanza kwa kuwa iko juu. Uandishi-mwenza unaonyesha nani ameandika na nani. Ramani ya maneno inaonyesha mada zinazotajwa pamoja. Ya tatu ni makala moja kuirejelea nyingine moja kwa moja. Mbili za mwisho ndizo huchanganya watu: kuna makala mbili zinazorejelea chanzo kilekile, na kuna makala mbili zinazorejelewa pamoja ndani ya makala ya tatu. Kwa mada changa, tuseme filamenti ya kuchapia vitu vya 3D iliyotokana na chupa kuukuu, tumia ile ya chanzo kilekile. Makala ya mwaka jana haijapata muda wa kurejelewa na yeyote, lakini orodha yake ya marejeo imeshakamilika. Ile ya kurejelewa pamoja ifanye kwa data ya Web of Science. Kwenye Scopus kitabu kimoja huandikwa kwa namna tatu nne na kila namna inakuwa duara lake.

Hapo tunafika kwenye majina, na kwa Uganda hili ndilo kubwa kuliko yote. Chukua jina la mfano, Mukasa John Bosco. Nyumbani na shuleni Mukasa hutangulia. Jarida la kwanza linachukua neno la mwisho kuwa la ukoo: anakuwa Bosco, M.J. La pili lina mhariri anayejua: Mukasa, J.B. La tatu linagawa katikati: John Bosco, M. Ana makala sita, mbilimbili kwa kila umbo. Programu, usipoigusa, inataka mwandishi awe na makala zisizopungua tano ndipo aingie. Hakuna Mukasa hata mmoja anayefika tano, kwa hiyo wote watatu wanakatwa, na mtu aliyeandika kuliko wenzake wote katika idara hayumo kwenye ramani ya idara yake. Hakuna onyo litakalotokea.

Dawa yake ni faili la visawe. Ni faili la maandishi matupu lenye safu mbili zilizotenganishwa kwa kitufe cha Tab, si kwa nafasi wala mkato. Mstari wa kwanza una vichwa viwili, label na replace by, kisha kila mstari unaofuata una umbo baya kushoto na umbo sahihi kulia:

label	replace by
bosco, m.j.	mukasa, j.b.
john bosco, m.	mukasa, j.b.

Likikataliwa, mara tisa kati ya kumi ni Tab iliyogeuka nafasi wakati wa kunakili kutoka WhatsApp au Word. Faili kama hilo linafaa kwa maneno pia: hdpe na high-density polyethylene ziwe kitu kimoja, tahajia mbili za injeksheni ziwe moja. Neno lisilo na maana kama article au human liache tupu upande wa kulia, nalo litaondolewa. Lakini faili la majina usiliandike kwa kubahatisha. Akina Okello J. ni wengi, na kuwaunganisha wawili tofauti ni kosa kubwa kuliko kumgawa mmoja. Linganisha chuo, mada na namba ya ORCID, kitambulisho cha mtafiti chenye tarakimu 16, kabla ya kuunganisha.

Kwa mkusanyiko mdogo, chini ya makala mia mbili, shusha kiwango kutoka tano hadi mbili. Chini ya hamsini hata usiifungue programu, zisome tu.

Kuna swali la namna ya kuhesabu. Ukiiacha programu kwenye hesabu kamili, makala yenye waandishi kumi inazaa jozi 45, kila jozi na uzito wa 1, na kila mwandishi anatoka na nguvu ya 9 kwa kazi moja. Makala ya watu wawili inampa kila mmoja 1. Katika polima hilo linapotosha vibaya, kwa kuwa mradi wa ufadhili wa Ulaya wenye vyuo sita unasimama kama mlima karibu na mhandisi na fundi wake walioandika wawili juu ya nyuzi za mgomba ndani ya polipropilini. Ukichagua hesabu ya mgawanyo, kila jozi ya wale kumi inapata sehemu moja ya tisa, na kila mwandishi anapata 1 kwa makala. Kwa uandishi-mwenza ichague hii, na useme katika sura ya mbinu kwamba umeichagua.

Kabla ramani haijatokea, programu itakuambia baadhi ya vitu havijaunganishwa, na kuuliza kama uonyeshwe lile kundi kubwa lililoungana tu. Wengi hubonyeza ndiyo kwa sababu picha inakuwa nadhifu. Visiwa vinavyofutwa ndivyo mara nyingi vikundi vya Busitema, Mbarara au Nakawa vinavyofanya kazi bila mshirika wa nje. Bonyeza hapana kwanza, vihesabu, viorodheshe, halafu amua.

Ramani ikishatokea, usisome juu na chini wala kushoto na kulia. Mihimili haina maana, na ukiigeuza kichwa chini haijabadilika. Kinachosomwa ni ukaribu. Ukubwa wa duara ni idadi ya makala au idadi ya mara zilizorejelewa, kutegemea ulichochagua. Jina lisiloonekana huenda limefunikwa na jirani tu, kuza uone. Rangi ni makundi yaliyokatwa kwa hesabu, na ukibadilisha kipimo cha mkato kutoka 1.00 kwenda 1.20 huenda kundi la tano likazaliwa. Kwa hiyo kuandika kwamba "uwanja huu una shule nne za mawazo" kwa sababu rangi ni nne ni kujidanganya. Mtazamo unaopaka rangi kwa wastani wa mwaka wa kuchapishwa ndio wenye faida zaidi kwa msanifu wa bidhaa: unaona maneno yaliyopoa na yanayochemka.

Kitu kimoja programu haikijui kabisa ni nani alifanya nini. Mfumo wa CRediT una majukumu 14 ya mchangiaji, kuanzia wazo hadi usimamizi, na hakuna hata moja linaloingia kwenye duara. Aliyepata fedha na aliyekesha akirekebisha joto la pipa la mashine hadi mabeseni yakaacha kujipinda wana uzito mmoja, ikiwa huyo wa pili aliandikwa kabisa. Kamati inayotaka kupandisha mtu cheo kwa kutazama unene wa nyuzi zake inatumia kifaa kisicho chake.

Programu mshindani, Bibliometrix ya Massimo Aria na Corrado Cuccurullo, inatoa majedwali mengi zaidi, lakini inataka R, lugha ya kompyuta ya takwimu. Kwa picha, VOSviewer bado inaishinda.

Ukienda kuchapisha bango Nasser Road, Kampala, usipeleke picha ya skrini. Toa ramani kama PDF au SVG, vinginevyo majina madogo yatatoka kama ukungu na utalipa mara mbili.